Limezima Majini? Usiguse Ufunguo: Majibu kwa Madereva wa Msimu wa Mvua

SWALI: Habari za kazi, mafundi wetu. Nakaa Tabata, naendesha gari dogo aina ya saluni, la otomatiki, lenye injini ya Toyota ya 1NZ. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikapita Jangwani nyuma ya lori. Maji yalikuwa nusu tairi tu. Katikati gari likazima. Vijana walinisukuma hadi pakavu, nikapiga stata mara tatu, likagonga "ko!" na kugoma kabisa. Fundi anasema injini imekufa, ninunue ya mtumba. Nikubali? *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Pole sana. Usinunue injini bado. Hiyo "ko!" inaonyesha kwamba injini imebanwa na kitu, lakini haisemi kama imeharibika.

Injini huvuta hewa kupitia mdomo wa bomba ulio mbele, kwenye saluni nyingi nyuma ya grili au jirani na taa. Lori lililokutangulia lilisukuma wimbi, maji ya nusu tairi yakapanda na mdomo ule ukayanywa. Pistoni inapopanda hubana hewa, lakini maji hayabaniki. Pistoni ikikutana nayo husimama ghafla, na kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoiunganisha na krenki. Gari likizima kwa mwendo wa pole, mara nyingi konrodi huwa bado nzima. Hatari huongezeka kila unapopiga stata: silinda yenye hewa ikiwaka, inaisukuma kwa nguvu ile iliyojaa maji. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba gari likizima majini, ufunguo uache.

Sasa mwambie fundi afanye hivi, nawe usimame hapo hapo. Chomoa waya wa hasi wa betri. Fungua boksi la chujio la hewa. Karatasi ikiwa kavu, maji hayakupita njia hiyo na huenda tatizo ni umeme tu. Ikiwa imelowa, toa koili nne na plagi nne. Chomoa fyuzi ya EFI ili petroli isipulizwe, kisha zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Ikizunguka bila kukwama, rudisha waya wa betri, piga stata sekunde tano, pumzika, rudia. Maji yatachomoka kwenye matundu ya plagi kama bomba lililopasuka, kwa hiyo mtu asiiname juu ya injini. Yakikauka, weka kijiko kidogo cha oili safi kwenye kila silinda.

Halafu vipimo viwili, na hapa ndipo utajua kama unahitaji injini. Cha kwanza hakihitaji kifaa cha bei. Chukua spoku ya baiskeli iliyonyooka, itumbukize kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza, zungusha krenki taratibu kwa mkono hadi spoku ifike juu kabisa, kisha itie alama kwa kalamu usawa wa mdomo wa tundu. Fanya hivyo kwa zote nne. Alama zikilingana, konrodi ziko sawa. Moja ikizama milimita mbili au tatu kuliko wenzake, hiyo imepinda. Cha pili ni geji ya kompresheni: silinda zote zikaribiane. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa psi 15 au zaidi, usiliwashe gari hata kama linawaka. Konrodi iliyopinda huweza kwenda wiki kadhaa, kisha ikakatika na kutoboa bloku, na hapo hata kilichokuwa kinaokoleka kinapotea.

Vipimo vikiwa vizuri, vuta kijiti cha oili. Oili iliyofanana na chai ya maziwa imeingia maji. Mwaga, badilisha na filta, washa dakika 15 bila kwenda mbali, kisha mwaga tena. Injini yako inachukua takriban lita 3.7 kila mara, kwa hiyo nunua lita 8 na filta mbili. Wengi hubadilisha mara moja tu, na maji yaliyobaki kwenye vijia vya oili hula beringi za krenki kimyakimya.

Gia boksi nayo ina tundu la kupumulia. Likizamishwa likiwa la moto, baridi ya maji huifanya hewa ya ndani isinyae na kuvuta maji. Mafuta ya gia yakigeuka ya waridi yenye povu la maziwa, gari lisitembee hata hatua moja kwa nguvu yake. Vutwa kwa bredauni. Gia boksi ya otomatiki ina sahani za karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na maji huzibandua.

SWALI: Ni kina gani cha maji ambacho gari dogo linaweza kupita salama? Nina gari la juu kidogo, madereva wenzangu wananiambia halina shida. *Msomaji, Kitui*

JIBU: Kwa gari dogo, sentimita 15 za maji yaliyotulia, na uwe unaijua barabara iliyo chini yake. Huo ni urefu wa ukingo wa barabara ya mjini. Kufikia sentimita 30 magari madogo mengi huanza kuelea, matairi yanakosa kukanyaga chini na usukani unakuwa mapambo. Sentimita 60 za maji yanayokwenda huchukua hata gari la juu na pikapu. Tairi lenye maandishi 185/65R15 lina kimo cha sentimita 62 hivi, kwa hiyo "nusu tairi" anayoitaja msomaji wa Tabata ni sentimita 31. Maneno "nusu tairi tu" yasikike kwako kama onyo.

Kwa maji yanayokwenda hatuna kipimo cha kukupa, kwa sababu hayapitiki. Huko kwenu hamjasahau Disemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliposombwa kwenye Mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Gari likiwa refu, maji hupata ubavu mkubwa zaidi wa kusukuma. Tena mafuriko hula barabara kutoka chini: juu unaona maji ya rangi ya udongo, na chini huenda lami haipo tena.

Maji yaliyotulia ukilazimika kuyapita, zima kiyoyozi ili feni isikate maji na kuvunja panga zake. Weka gia ya kwanza, au L kwa otomatiki, subiri gari la mbele litoke kabisa, kisha ingia kwa mwendo wa mtu anayetembea na usiachie akseleta katikati. Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa unatembea, mara kumi hivi. Breki za ngoma hushika maji ndani na kanyago la kwanza huwa tupu.

Na gari likianza kuelea, una dakika moja hivi. Fungua mkanda, shusha kioo kabla maji hayajakifikia, toa watoto kwanza, toka. Usihangaike na mlango, kwani maji ya nje huukandamiza, na ukifunguka maji yote yanaingia kwa pamoja. Kioo cha umeme kwa kawaida bado hufanya kazi mwanzoni. Kikigoma, gonga pembe ya kioo cha ubavuni kwa nyundo ndogo ya dharura. Kioo cha mbele usikiguse, kina utando katikati, hakivunjiki.

SWALI: Bodaboda yangu imezama Bagamoyo, maji ya chumvi kidogo. Nipige kiki? *Kijana wa kijiweni*

JIBU: Usipige. Toa plagi, zima switi, ndipo upige kiki mara 15 tundu likiwa wazi. Legeza skrubu ya chini ya kabureta, mwaga petroli na maji yaliyotuama. Chujio la sponji likamue kwa maji ya sabuni, likauke, lipake oili kidogo. Inua tairi la mbele ili ekzosi imwage. Oili ibadilishe mara mbili, kiasi cha lita moja kila safari. Kwa sababu ya chumvi, osha pikipiki nzima kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, fungua breki ya nyuma uifute, kisha paka mnyororo oili. Ukiacha hadi kesho, kutu itakuwa imeanza.

SWALI: Nimenunua gari kutoka Japani, lina miezi minne. Ikinyesha linateleza kwenye kila kona. Nimebadilisha pedi za breki mara mbili, hali ni ile ile. *Dada msomaji, Moshi*

JIBU: Dada, acha breki, inama usome ubavu wa tairi. Ukikuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani, gari lako limevaa matairi ya baridi ya Japani. Magari mengi hushuka bandarini yakiwa nayo. Raba yake imetengenezwa iwe laini chini ya nyuzi 7 za selisiasi. Kwenye lami ya Moshi saa saba mchana inalegea kama ubani, inaisha haraka, na kwenye maji inachelewa kusimama kuliko tairi la kawaida. Ukiligusa kwa kidole utaona limejaa mikato myembamba kama nyembe. Mikato hiyo ni ya kushika barafu.

Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha pima kina cha mifereji. Milimita 1.6 ndicho kiwango cha mwisho kwenye sheria za nchi nyingi, na vile vinundu vidogo ndani ya mfereji vimewekwa kwa kimo hicho. Kwa masika sisi tunakushauri ubadilishe kwenye milimita 3. Chini ya hapo mfereji haumezi maji kwa kasi inayotakiwa, na tairi linapanda juu ya maji. Likipanda utahisi usukani mwepesi ghafla. Achia akseleta, usikanyage breki, shika usukani ukiwa umenyooka hadi ulisikie tairi likigusa lami.

SWALI: Mimi ni Mkongomani, niko Kent, jimbo la Washington, Marekani. Huku mvua ni toka Oktoba hadi Machi, ndogo ndogo, kila siku. Asubuhi moja barabara ilionekana imelowa tu, kumbe barafu, gari likazunguka. Pia kwenye bonde la mto Snoqualmie barabara hufungwa kwa maji. Nijiandae vipi? *Msomaji, Kent*

JIBU: Ndugu yetu, barafu hiyo hutokea mvua ikifuatwa na usiku usio na mawingu. Lami inalowa, joto linashuka, na utando mwembamba unaganda. Ni angavu, rangi unayoiona ni ya lami yenyewe. Angalia kipimajoto kwenye dashibodi: kuanzia 37 za farenhaiti kwenda chini, yaani nyuzi 3 hivi, ichukulie barabara kama imeganda, hata kama maji huganda kwenye 32. Madaraja huganda kwanza kwa kuwa hewa baridi inapita juu na chini yake. Ishara nyingine ni sauti. Barabara iliyolowa tu, matairi hurusha maji na kunguruma. Kukinyamaza ghafla na magari ya mbele hayarushi tone, uko juu ya barafu. Hapo usifanye lolote kwa nguvu. Achia akseleta taratibu, elekeza usukani unakotaka kwenda. Mkia ukishaanza kuteleza, kanyago la breki huuzidishia. Nafasi ya sekunde 3 unayoacha siku za jua, ifanye 8 hadi 10.

Huko matairi ya studless aliyonayo dada wa Moshi ndiyo mahali pake. Yale yenye misumari yanaruhusiwa Washington kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Ukipanda milima ya Snoqualmie Pass, alama ikidai matairi ya kushika, yanatakiwa yawe na maandishi M+S au ua la theluji, na mifereji isiyopungua moja ya nane ya inchi, kama milimita 3.

Rejeta ijazwe maji ya kuzuia kuganda yaliyochanganywa nusu kwa nusu, hapo hayagandi hadi karibu nyuzi 37 za selisiasi chini ya sifuri. Maji matupu hupasua bloku. Betri hupoteza kama theluthi ya nguvu zake kwenye sifuri ya selisiasi, kwa hiyo ipime Oktoba. Vioo vikiingia ukungu, washa kiyoyozi pamoja na joto. Kiyoyozi ndicho kinachokausha hewa, na hewa ya moto peke yake hupuliza unyevu ule ule. Ushauri huo unafaa hata Dar.

Kuhusu bonde, ukiona kibao cha kufunga barabara, usijaribu kupita. Mto ukipita juu ya mashamba, usiku huwezi kuona ukingo wa lami wala mtaro wa pembeni, na maji yenyewe ni ya baridi inayoganzisha vidole kabla hujafungua mkanda. Zunguka, hata kama ni nusu saa zaidi.

SWALI: Nitajuaje gari la mtumba lililowahi kuzama? Na bima inalipa? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Bima ya mtu wa tatu hailipi gari lako. Bima kubwa isome: neno mafuriko liwemo kwa jina, na kama ni nyongeza ya kulipia, iongeze kabla ya masika.

Kuhusu gari, harufu isikupe uhakika, huoshwa kwa sabuni na manukato. Inua kapeti chini ya miguu ya abiria na uguse sponji yake. Tazama boliti za chini ya viti: kutu hapo hailetwi na mvua ya kawaida. Chungulia taa za mbele kama zina mstari wa uchafu ndani. Mwisho, vuta mkanda wa kiti cha dereva taratibu hadi ufike mwisho kabisa. Wauzaji huosha sehemu inayoonekana, wanasahau ile inayobaki imekunjwa ndani ya nguzo. Ukikuta hapo mstari wa udongo wa kahawia umekatiza mkanda, urudishe na uage.