Kabla hujafungua kiwanda, nionyeshe stoo yako

Juzi saa nne usiku kijana mmoja wa Njombe kaniandikia WhatsApp: "Shikamoo kaka. Nimeacha kazi. Nina milioni 18, nataka nianze kutengeneza mashine za kusaga kama ulivyoanza wewe. Naomba baraka zako."

Nilisoma mara tatu. Milioni 18 hazikunishtua. Kilichonichoma ni hayo maneno matatu, "kama ulivyoanza wewe", maana nilivyoanza mimi ndivyo nilivyofilisika. Wengi mnaonifuata humu mnaniona leo, na duka na vijana wanne na bango la rangi barabarani. Mwanzo wangu hamkuuona.

Marahaba, mdogo wangu. Baraka utapata, ila sikiliza kwanza. Ni ndefu kidogo na inaanzia kwenye ndege.

Kabla ya Kibaigwa na mahindi yake, mimi nilikuwa mtu wa stoo. Miaka minane nilikaa nyuma ya kaunta ya vipuri kwenye kampuni moja ya ndege ndogo Dar es Salaam. Tulikuwa na Twin Otter mbili, zile ndege za injini mbili, mabawa juu, magurudumu hayakunjwi, abiria 19. Zinatua popote: vumbi, nyasi, ukanda mfupi ambao dereva wa lori angeufikiria mara mbili.

Kipuri cha ndege kisicho na karatasi ni chuma chakavu, hata kiwe kinang'aa namna gani. Kila kilichofika mezani kwangu kilikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa uzi: namba ya kipuri, nani kakitengeneza, nani kakikagua, lini. Namba moja ikikosewa, kinarudi. Nilizijua zile namba kuliko namba za simu za ndugu zangu. Usiku wa manane ungeniamsha na kuniuliza pampu ya mafuta iko rafu ya ngapi, ningekutajia huku macho nimefumba.

Lakini stoo haina heshima. Rubani akishuka, watoto wanataka kupiga naye picha. Mtu wa stoo anakumbukwa ndege ikilala. Siku niliyoomba nyongeza ya mshahara bosi wangu alinijibu mbele ya watu, "Kwani wewe unarusha nini?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Najua ni mambo ya zamani, mke wangu ananiambia niyaache, lakini kila nikifungua duka asubuhi hiyo sauti naisikia.

Basi, mwaka 2006 makaratasi yakaanza kuja na jina nisilolijua: Viking Air. Nikadhani matapeli. Twin Otter niliyoijua mimi ni ya de Havilland Canada, na siku hizo vipuri vilitoka Bombardier, kampuni iliyokuwa imeinunua. Huyu Viking katokea wapi? Kazi ya stoo ina saa nyingi za kukaa, nikaanza kusoma. Nilichokikuta ndicho kilichokuja kuniokoa, ingawa kwa uzembe wangu kiliniokoa kwa kuchelewa.

De Havilland Canada ilianza 1928 huko Toronto, tawi la kampuni ya Uingereza. Wakati wa vita kuu ya pili ilitengeneza ndege za kivita za Mosquito zaidi ya 1,100. Hayo tuyaruke. Utamu uko kwenye Beaver, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1947. Kabla ya kuichora, waliwaandikia marubani wa porini Kanada, wanaotua kwenye maziwa na theluji, wakawauliza: nyie mnataka nini? Wakajibu kama wateja wanavyojibu, bila maneno makubwa. Tupe nguvu. Tupe ndege ya kuruka na kutua pafupi. Tupe mlango wa kupitisha pipa zima la mafuta. Wakapewa. Mpaka oili ya injini unaijazia ndani ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani, usitoke nje kwenye baridi ya kukata masikio. Zilitengenezwa zaidi ya 1,600, na jeshi la Marekani peke yake lilichukua zaidi ya 900.

Zikafuata ndugu zake: Otter 1951, Caribou 1958, Buffalo 1964, Twin Otter 1965, Dash 7 mwaka 1975, na Dash 8 mwaka 1983. Wazee wetu hizi wanazijua. East African Airways iliwahi kuwa na Twin Otter, na jeshi la anga la Kenya lilirusha Caribou na Buffalo. Na zile Q400 mbili ilizozipokea Air Tanzania mpya Septemba 2016, watu wakajaa uwanjani kuzishangilia, ni Dash 8 iliyorefushwa.

Sasa angalia wenye mali. Mwaka 1974 serikali ya Kanada ikainunua kampuni kutoka kwa Waingereza. Mwaka 1986 ikaiuza kwa Boeing. Boeing ikachoka haraka. Mwaka 1991 wenye ATR, Wafaransa na Waitaliano, wakataka kuinunua, Tume ya Ulaya ikawazuia kwa kuogopa soko la ndege za mikoani lingebaki mikononi mwa mtu mmoja. (Ndiyo, ATR hizo hizo za Precision Air.) Mwaka 1992 ikaangukia kwa Bombardier. Ni kama mke anayeozeshwa upya kila watoto wakianza kumzoea baba.

Katika kuhamahama huko, 1988 Twin Otter ikaachwa kutengenezwa. Zilikuwa zimetoka 844. Kiwanda kikasema imetosha.

Ila ndege hazikusikia tangazo hilo. Ziliendelea kuruka Maldivi juu ya maboya, ncha za dunia juu ya theluji, kwetu juu ya vumbi. Na kila moja ilikuwa inakula vipuri. Nani anavileta?

Hapo ndipo anapoingia Viking. Ilianzishwa 1970 na Nils Christensen, mzaliwa wa Norway, kwenye kisiwa cha Vancouver, pwani ya magharibi ya Kanada. Ilikuwa gereji tu. Inakarabati ndege za majini zilizochoka. Mwaka 1983 ikapata haki ya kutengeneza vipuri vya Beaver na Otter, ndege ambazo zilikuwa zimeshaachwa miaka mingi. Jamaa wakakaa na vipuri hivyo zaidi ya miaka 20. Hakuna aliyewapiga picha. Mwaka 2006 wakanunua kutoka Bombardier hati za muundo za ndege saba, kuanzia ile ya mafunzo ya Chipmunk hadi Dash 7. Hati ya muundo ndiyo roho ya ndege: mwenye nayo ndiye mwenye michoro na ndiye anayeulizwa kipuri halali ni kipi. Mwaka uliofuata wakatangaza kuirudisha Twin Otter, na 2010 mteja wa kwanza akakabidhiwa mpya, miaka 22 baada ya ile ya mwisho.

Halafu, 2016, wakachukua ndege za kuzima moto zinazochota maji ziwani. Na 2019 kampuni mama yao, Longview, ikainunua Dash 8 pamoja na jina lenyewe la De Havilland. Gereji ikawa mwenye nyumba.

Tusidanganyane, hata hivyo. Nyuma ya Longview kuna mwanamama tajiri kweli, Sherry Brydson, wa ukoo wa Thomson, matajiri wa Kanada. Kwa hiyo msije mkasema ni bidii tu na kuamka saa kumi alfajiri. Pesa ilikuwepo. Lakini pesa ilikuta mahali pa kukaa. Na mambo hayakuwa mteremko: mwaka 2021 Q400 ikasimama kutengenezwa, oda hakuna, na kiwanja chenye kiwanda, Downsview huko Toronto, kilikuwa kimeshauzwa, na wafanyakazi wakagoma. Mwaka 2022 wakatangaza mpango wa kujenga makao mapya Alberta, jimbo jingine la Kanada. Kiwanda kilisimama, ila Dash 8 zaidi ya 1,200 zilikuwa zimeshatengenezwa, na zinazoruka zinahitaji breki na mihuri na vioo kila wiki. Kaunta haikufungwa.

Haya yote niliyajua, mdogo wangu. Niliyasoma nikiwa nimekaa juu ya kreti la vipuri. Halafu 2011 nikaachishwa kazi, mwaka uliofuata nikachukua kiinua mgongo na mkopo wa SACCOS, nikaenda Kibaigwa kwenye soko la mahindi, na nikafanya nini? Nikafungua kiwanda. Nilitaka na mimi nionekane narusha kitu.

Misimu miwili niliuza mashine 14. Nzuri, rangi ya bluu, jina langu ubavuni. Kila moja fundi aliichomelea kwa jicho na uzoefu. Matundu ya boliti ya mashine ya tatu hayakulingana na ya nne. Chekeche cha ya tano (lile bati la matundu linalochuja unga) hakikuingia kwenye ya sita. Hakuna namba na hakuna daftari.

Julai 2014, msimu umechanganya, akaja mama mmoja kutoka Pandambili. Alifungua kanga mezani kwangu. Ndani kulikuwa na chekeche kilichopasuka katikati na nyundo mbili, vile vyuma vinavyozunguka ndani kuponda mahindi, zilizolika upande mmoja kama kisigino cha kiatu. Akasema, "Mwanangu, foleni ya watu iko mlangoni. Nipe kingine." Nikamwambia arudi kesho. Kesho nikamwambia keshokutwa. Tulikata bati mara tatu na mara tatu halikukaa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa najua vipimo vya mashine yangu. Wiki sita ikasimama. Watu wake wakahamia kwa jirani na hawakurudi. Siku ya mwisho hakugombana. Alikunja kanga yake, akaondoka, kile chuma akaniachia mezani.

Mtu wa stoo miaka minane! Mtu aliyerudisha pampu ya mafuta kwa sababu ya tarakimu moja! Nikauza mashine bila namba hata moja. Ile aibu sijaisimulia popote hadi leo.

Mkopo ulinimaliza kabla mwaka haujaisha. Niliuza mashine za kuchomelea, nikabaki na drili, vernia ya kupimia na lile chekeche. Nikaanza kuzunguka vijijini na baiskeli ya kuazima, napima mashine za watu wengine: za Kihindi, za Kichina, za mafundi wa mjini waliokwisha kufa na karakana zao. Napima, naandika, naipa namba. Nikatengeneza chekeche na nyundo tu. Leo daftari lina mashine 312 na kila moja ina ukurasa wake. Ukinipigia simu ukataja namba, kesho kipuri kiko kwenye basi.

Sasa ushauri, maana najua mnautaka kwa ufupi. Anza na vipuri. Usianze na mashine, anza na vipuri. Nenda kapime vitu ambavyo vimeshauzwa na wengine, vimeshachakaa, na mwenye navyo anahangaika. Andika. Kila kitu kipe namba, hata kama ni nati. Vijana wa siku hizi mnapenda kuzindua. Mnapenda utepe na mkasi na mgeni rasmi. Mnakopa mjenge kitu cha kupigia picha, mteja akirudi na kilichovunjika mnamwambia kesho. Acheni. Mtu akikupa pesa yake amekupa na shida yake ya miaka kumi ijayo. Kama huna pa kuiweka hiyo shida, usiipokee pesa. Na muulizeni mteja kabla ya kuchora, kama wale wa Beaver. Na anzeni na vipuri. Nimeshasema? Narudia.

Na kama kazini wanakudharau kwa sababu uko stoo, kaa hapo hapo, jifunze. Bosi wangu yule Twin Otter zake aliziuza. Sisemi kwa kufurahia. Basi, nafurahia kidogo.

Wewe wa Njombe, usiniulize kama milioni 18 zinatosha. Wiki hii panda bodaboda uzunguke kata tatu, uniletee orodha: mashine ngapi zinasaga, ngapi zimesimama, na zimesimamishwa na nini. Laki moja haitaisha. Hizo 17.9 ziache benki mpaka tuongee.

Mwaka huu nimeanza tena kutengeneza mashine nzima. Nne tu hadi sasa, na kila moja inaondoka na seti mbili za nyundo na karatasi ya vipimo. Yule mama wa Pandambili bado tukikutana sokoni hanijulii hali. Lakini Machi alimtuma mwanawe dukani kuchukua nyundo 24 za mashine aliyonunua kwingine. Kijana hakusema katoka kwa nani. Alifungua tu kiganja, na ndani, kwa kalamu ya bluu, ilikuwa imeandikwa namba yangu ya kipuri, kamili, hadi tarakimu ya mwisho.