Risasi ile peke yake haikumuua Garfield

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linataka tutaje jambo moja kuhusu rais yeyote wa Marekani ambalo wengi hawalijui, na tueleze kwa nini tumelichagua. Najua wengine watawaandikia juu ya unene wa Taft, au Theodore Roosevelt alivyokuja kuwinda Kenya mwaka 1909. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji na nimemchagua James Garfield, rais wa 20, ambaye vitabu vingi humaliza habari zake kwa sentensi moja: alipigwa risasi mwaka 1881 akafa. Lakini tangu apigwe hadi akate roho zilipita siku 79, na mambo yaliyofanyika katika siku hizo ndiyo ninayotaka wasomaji wenzangu wayajue.

Garfield hakuwa mtu mdogo. Alizaliwa Ohio mwaka 1831 katika nyumba ya magogo, akafiwa na baba kabla hajatimiza miaka miwili, akafanya kibarua kwenye mashua za mfereji, kisha akawa mwalimu, mhubiri na jenerali. Mwaka 1876, akiwa mbunge, alitoa uthibitisho wake mwenyewe wa nadharia ya Pythagoras kwa kutumia trapeza, na walimu wa hisabati wanautumia hadi leo.

Asubuhi ya Julai 2, 1881, alikuwa ndani ya stesheni ya treni mjini Washington, hajamaliza hata miezi minne ya urais. Charles Guiteau, mtu aliyekuwa akisumbua serikali apewe kazi ya konseli mjini Paris, akamfyatulia risasi mbili kutoka nyuma. Moja ilimparuza mkono. Nyingine iliingia mgongoni upande wa kulia, ikapita kwenye mfupa wa uti wa mgongo na kutulia upande wa kushoto, karibu na kongosho. Haikukata neva kuu iliyo ndani ya mfupa huo wala haikugusa moyo. Wanajeshi wengi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe waliishi miaka mingi na risasi mwilini.

Sasa tazama kilichofuata. Palepale stesheni, daktari wa kwanza kufika aliingiza kidole kwenye jeraha kuitafuta risasi. Akaja Dk. Willard Bliss, aliyeshika usukani wa matibabu yote, naye akaingiza kipimio cha chuma, kisha kidole chake. Hakuna aliyenawa, hakuna chombo kilichotakaswa. Wiki baada ya wiki waliendelea kulichokoa jeraha lile, na tundu fupi likageuka kuwa njia ndefu ya usaha iliyoshuka ndani ya mwili. Wao wakadhani hiyo ndiyo njia ya risasi.

Linaloniuma ni kwamba elimu ilikuwepo. Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alikuwa ameandika tangu mwaka 1867 jinsi asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu, inavyozuia vidonda kuoza, na mwaka 1876 alivuka bahari akaenda Philadelphia kuwaeleza madaktari wa Marekani ana kwa ana. Wengi wa wakubwa wao hawakumwamini, kwa sababu vijidudu havikuonekana kwa macho.

Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza haraka chombo cha kutambua chuma mwilini ili risasi ipatikane bila kisu. Chombo chenyewe kilifanya kazi. Ila Bliss alikuwa ameshaamua kwamba risasi iko kulia, hivyo Bell akaruhusiwa kupima kulia tu. Halafu mgonjwa alikuwa amelala kwenye godoro lenye springi za chuma, zikavuruga sauti ya chombo. Ingetosha mtu mmoja mwenye uthubutu wa kumwambia daktari mkuu, "Tujaribu na upande wa kushoto." Waliofanya kazi wodini wanajua jinsi sentensi hiyo inavyokuwa ngumu kutamka mbele ya mkubwa.

Mwezi Agosti tumbo lilikataa chakula, wakaanza kumlisha kwa njia ya haja kubwa: mchuzi wa nyama, kiini cha yai, maziwa, wiski. Mtu aliyekuwa na zaidi ya kilo 90 alibaki na kama 60. Septemba 6 walimpeleka Elberon, pwani ya New Jersey, apate hewa ya bahari. Usiku uliotangulia watu walikuwa wamejitolea kutandika reli hadi mlangoni mwa nyumba atakayofikia, na injini iliposhindwa kupanda kilima cha mwisho, wanaume walilisukuma behewa kwa mikono yao. Sijui kama kuna rais aliyependwa namna hiyo na watu wa kawaida. Alifariki Septemba 19, akiwa na miaka 49.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha risasi imetulia kushoto, mwili umeshaizungushia utando wake. Mwili ulikuwa umejaa majipu. Mahakamani Guiteau alidai kwamba yeye alipiga risasi tu, walioua ni madaktari. Dai hilo halikumwokoa, na halikustahili kumwokoa. Alinyongwa Juni 30, 1882. Hata hivyo, madaktari wengi wa leo wanaosoma kumbukumbu za ugonjwa ule wanaona Garfield angeweza kupona kama jeraha lingeachwa bila kuguswaguswa.

Miaka 100 baadaye, Machi 30, 1981, Ronald Reagan alipigwa risasi mjini humohumo Washington. Yake ilisimama kwenye pafu, kama sentimita mbili na nusu tu kutoka moyoni, mahali pabaya kuliko pa Garfield. Alikuwa na miaka 70. Waliompasua walikuwa wamenawa mikono na kuvaa glavu, na siku ya 12 alitoka hospitali kwa miguu yake.