Ukifika Kisumu na njaa, pita hizo hoteli za vioo

Wiki jana dada mmoja alinitumia meseji, ati kaka natoka Nakuru naenda Kisumu kikazi, nitakula wapi chakula cha maana? Nikamjibu, alafu nikaona wacha niandike hapa kila mtu asome, maana najua nyinyi wote mnaosafiri mnatafuta kitu hicho hicho, chakula cha kusimulia ukirudi nyumbani.

Kuna safari moja tulifika Kisumu mchana na njaa inauma, wenzangu wakasema twende hoteli fulani kubwa hapo tauni. Ngege, yaani tilapia, alikuja amepashwa moto mpaka nyama imegandana na miiba, na nilipoitisha maji ya kunawa nile na mikono, weita akaniambia hapa si kibandani. Mbele ya watu! Mpaka leo hilo neno linaniuma, kwa sababu samaki mzima analiwa na mikono na hakuna aibu yoyote hapo.

Kesho yake nikamwambia mtu wa boda, usinipeleke kwa wageni, nipeleke pale wewe mwenyewe unakula. Akanipeleka karibu na soko la Kibuye, kibanda cha mabati, mabenchi mawili, mama na msichana wake, menyu hakuna, unaambiwa tu kilichoiva. Siku hiyo ilikuwa aliya. Kama hujawahi kuila, ni nyama ya ng'ombe inakatwa vipande virefu inaanikwa juani hadi ikauke kabisa, alafu inachemshwa pole pole ilainike ndio iungwe na kitunguu na nyanya. Huyu mama alimalizia na malai, mchuzi ukawa mzito hadi ukipitisha tonge linaacha njia kwa sahani. Kando mboga za kienyeji, osuga (managu) na akeyo (saga), zimepikwa pamoja, zimelala kwa maziwa usiku kucha uchungu ukatoka, na ugali wa kahawia wa mtama na muhogo. Nilikula bila kuongea na mtu. Nikaongeza.

Tangu hapo ofisini mtu akitumwa magharibi ananipigia mimi kwanza, na sijawahi mwelekeza mtu akarudi analalamika. Siri ni hiyo moja tu: uliza anayefanya kazi ya mikono hapo, mtu wa boda, wa mkokoteni, mama wa nyanya, usiulize wanakula wapi wageni, uliza wao wanakula wapi. Enda mapema kabla saa saba, aliya ikiisha imeisha. Na kwa samaki uliza kabisa kama ni wa ziwa au wa China, maana hata Kisumu hapo kando ya ziwa samaki wa barafu wa China wanauzwa, na mwenye wa ziwa hatakasirika, atakufunulia mashavu uone wekundu.

Ingine ni heshima, na hapa ndugu zangu sitanii. Mtu analipa hoteli ya vioo bila kuguna alafu anakuja kuvutana na mama wa kibanda juu ya shilingi kumi, mama ambaye ameamka usiku kuwasha moto. Hiyo si haki. Nawa mikono, salimia walio mezani, kula, lipa pesa yote, na ukimaliza ondoka upishe wengine, watu wa soko hawana muda mrefu wa lanchi.