Re: Mfuko wa hisa za ukuaji za Kanada, niingie?

Salaam ndugu. Umesema uko Toronto, una dola 5,000, na benki inakuhimiza uingie kwenye mfuko wa hisa za ukuaji za Kanada, yaani za kampuni zinazotarajiwa kukua haraka.

Kabla hujasaini, omba karatasi ya Fund Facts (muhtasari wa mfuko), tafuta mstari wa MER, yaani asilimia ya pesa yako inayokatwa kila mwaka kuendesha mfuko. Wa mfuko wangu ulisoma asilimia 2.3. Kwa pesa yako hiyo ni kama dola 115 kwa mwaka, na makato hayakomi hata soko likianguka; zinakatwa humohumo bila wewe kuletewa bili. Hilo liliniuma sana.

Tazama pia hisa kumi kubwa ambazo mfuko unazo. Mimi nilikuta nyingi ni za benki na mafuta, ingawa jina la mfuko ni la ukuaji.

Tumia TFSA, akaunti ya Kanada ambayo faida yake haikatwi kodi, kama bado una nafasi ya kuweka pesa humo. Ukizidisha kiwango unachoruhusiwa kuweka, ziada inatozwa asilimia 1 kila mwezi.

Pesa hiyo utaihitaji lini, sijui. Ikiwa ni ndani ya miaka mitano, usiiweke kwenye mfuko huo.