Maswali ya wasafiri: Mombasa kwanza, Tsavo baadaye

Likizo zikikaribia maswali huja kwa wingi, na mengi yanafanana. Nimechagua machache ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Yale ya hoteli gani ina bwawa zuri nimeyaacha, hayo watu wa hoteli watawajibu kwa furaha.

Tunafika Mombasa asubuhi, na gari la Tsavo linatuchukua kesho yake alfajiri. Kwa siku hiyo moja tuanzie wapi? (Mke na mume, Kakamega)

Anzieni Ngomeni, kabla jua halijawa kali. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi wakaitwaa mwaka 1698. Wageni wengi hupiga picha na mizinga wakaondoka. Nyinyi ingieni kwenye makumbusho, mvione vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Ukivitazama hivyo, ule mzingiro unaacha kuwa tarehe tu.

Mkitoka, ingieni Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, kwa miguu. Msikiti wa Mandhry umekuwapo tangu 1570. Milango ya kuchonga ipo kila upande, lakini kumbukeni nyuma ya kila mlango kuna familia inayoishi, kwa hiyo hodi kwanza, picha baadaye. Malizieni Marikiti kwa iliki, mdalasini na achari ya maembe. Msinunue kwenye meza ya kwanza.

Kuanzia saa saba hadi saa tisa, msijitese. Kuleni biriani, mlale. Zile pembe kubwa za Moi Avenue ni za alumini na ni picha ya dakika mbili. Mkizikosa hamjakosa kitu.

Saa kumi na nusu nendeni Mama Ngina, ukingoni mwa bahari. Hapo ndipo penyewe. Mkae ukutani chini ya mibuyu, meli za Kilindini zinapita karibu hata unayasoma majina yake ubavuni. Muuza madafu ataligonga dafu kwa panga mara mbili tatu, akupe unywe. Ukimaliza atalipasua na kukuchongea kijiko kutoka kwenye ganda lenyewe, ukwangue nyama ya ndani. Pembeni kuna karai la mihogo. Vipande vikitolewa kwenye mafuta hunyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, ndimu ikakamuliwa juu, vikafungwa kwenye karatasi. Ukiulizwa "pilipili nyingi?", fikiria safari ya kesho kabla ya kujibu.

Je, Tsavo kwenda na kurudi siku moja kutoka Mombasa inawezekana? Na ipi bora, Mashariki au Magharibi? (Mwalimu, Kisauni)

Inawezekana, na wengi hufanya hivyo, lakini ni Mashariki tu. Lango la Buchuma liko yapata kilomita 100 kutoka mjini. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mkiondoka saa mbili mmeshachelewa. Simba na chui huonekana zaidi kukiwa na ubaridi, na barabara kuu ya Nairobi mtakayopita ina malori ya bandarini, yasiyo na haraka na wewe. Kabla ya Buchuma mtapita Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli. Madereva wengi husimama hapo kuomba dua, na dereva wako akisimama usimkimbize.

Ushauri wangu, mwalimu: mkiweza, laleni Voi usiku mmoja. Hoteli za mjini ni nafuu kuliko loji za ndani, na asubuhi mnakuwa langoni lango likifunguliwa. Tsavo Mashariki peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Kuizunguka kwa saa sita ni kuiona kwa dirisha. Ukipata siku ya pili, nenda bwawa la Aruba, kisha mwamba wa Mudanda, wenye kidimbwi chini yake ambako tembo huja kunywa. Wekundu wao ni wa udongo wanaojirushia. Wakioga wanarudi kuwa wa kijivu.

Magharibi ina vilima na vichaka, wanyama hujificha zaidi, lakini kuna chemchemi za Mzima. Maji hayo huchujika kwenye miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu, na sehemu yake huletwa Mombasa kwa bomba. Kuna chumba cha vioo chini ya maji cha kutazamia samaki na, bahati ikiwa yako, kiboko akipita. Mtu wa Kisauni aliyezoea kungoja maji ya mfereji atayatazama kwa macho mengine.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba na Januari hadi Februari, ndiyo bora: nyasi ni fupi na wanyama hukusanyika kwenye maji.

Nikipanda SGR nitaona tembo? (Mwanafunzi, Eldoret)

Pengine. Reli inapita Tsavo, ila treni haikusubiri utoe simu. Jambo la maana zaidi ni kwamba treni ya asubuhi ndiyo inayosimama Voi. Ukishuka hapo umejiokolea barabara. Panga gari la kukupokea mapema, maana stesheni iko nje ya mji.

Wale simba wala watu wa Tsavo bado wapo? (Mtoto wa darasa la sita, kupitia mamake)

Wale wawili hapana, mwanangu. Waliwashambulia wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898, na John Patterson, mhandisi wa daraja hilo, akawaua wote wawili Desemba mwaka huo huo. Walikuwa madume yasiyo na manyoya shingoni. Sasa wamo Field Museum, Chicago. Patterson alikuja kudai waliua watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya yao wanakadiria yapata 35. Hata hiyo 35 ni mingi. Simba wengine wapo tele, ndiyo maana hatushuki garini ovyo.

Watoto wangu ni wadogo, safari ndefu hawaiwezi. Wataona wanyama wapi karibu? (Mama wa watatu, Nakuru)

Mama, wapeleke Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, na jongoo wakaletwa kuyala majani yaliyoanguka hadi udongo ukapatikana. Waambie watoto hilo la jongoo, watalipenda kuliko twiga. Kuwalisha twiga kuna saa zake, ulizia langoni ukifika. Hapa ndipo Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, alipomganda kobe mzee aitwaye Mzee. Nenda asubuhi.

Natokea Tanga kwa gari langu kupitia Lunga Lunga. Kuna cha kuona kabla ya kufika Mombasa? (Msomaji, Tanga)

Kipo, na wengi wenu mnakipita kwa kasi. Ukifika Kombani kata kushoto uelekee Kwale, uingie Shimba Hills. Ndiyo mbuga pekee Kenya yenye palahala, aina ya swala mkubwa; dume lake ni jeusi ti, pembe zimepinda nyuma. Mtembeo wa kushuka maporomoko ya Sheldrick huongozwa na askari wa wanyamapori. Kushuka ni raha, kupanda utajijua. Ukitoka, si lazima upange foleni ya feri ya Likoni: barabara ya Dongo Kundu itakutoa upande wa Miritini. Ukichagua feri, simu iache mfukoni, picha haziruhusiwi.

Kijana wa ufukweni amenipa bei ya safari ambayo ni nusu ya ile ya ofisini. Nimwamini? (Dada, Nyali)

Si wote waongo, dada, ila muulize haya kabla pesa haijatoka. Kiingilio cha mbuga kimo? Gari ni letu au la kuchangia, na lina watu wangapi? Kampuni ina leseni ya mamlaka ya utalii? Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, hakuna noti langoni, kwa hiyo mwambie akutumie risiti yenye jina lako usiku wa kuamkia safari. Mwenye kitambulisho cha Kenya hulipa kidogo sana kuliko mgeni. Ukikisahau nyumbani, ubishi utakuwa wako na mlinzi. Na maji yabebe kwenye chupa ya kudumu, kwa sababu chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020.