Kabla Hujaiamini Picha Yako ya Eksirei za Mshtarii

Picha yangu ya kwanza ya eksirei za Mshtarii ilitoka kama mkwaruzo mrefu. Nilikuwa nimepakua data za darubini ya anga ya Chandra, ambazo ziko wazi kwa yeyote, nikazimwaga zote kwenye ramani ya nyota. Nilisahau kwamba sayari haitulii. Kwa saa zote za uchunguzi Mshtarii ilikuwa ikisogea mbele ya nyota, tena ikijizungusha: mzunguko mmoja haufiki saa 10. Basi anza hapo. Pima mahali pa kila fotoni, yaani kila chembe ya mwanga iliyonaswa, kutoka katikati ya sayari.

Kisha tenganisha ncha na katikati. Za katikati, kwa sehemu kubwa, ni eksirei za Jua zilizotawanywa na angahewa. Utamu uko kwenye ncha. Volkeno za mwezi Io humwaga angani takriban tani moja ya gesi kila sekunde. Salfa na oksijeni zake hupoteza elektroni, hunaswa na sumaku ya Mshtarii, na baadhi husukumwa kwa kasi kubwa mno hadi kugonga angahewa ya nchani. Zinapogonga huvuliwa karibu elektroni zote zilizobaki; zikinyakua nyingine kutoka kwa hidrojeni, eksirei hutoka. Pumzi ya volkeno inageuka mwanga! Mpaka leo sijalizoea jambo hili.

Mwaka 2000 Chandra iliona doa karibu na ncha ya kaskazini likipiga kama moyo, likiwaka na kufifia, kila dakika 45 hivi. Nami nikautafuta mpigo kama huo katika data nyingine, nikaupata, nikakesha kwa furaha. Kumbe fotoni zangu zilikuwa chache mno. Nilipozichanganya nyakati zake ovyo mara 1,000, mipigo mizuri vilevile ilijitokeza tena na tena. Usiruke hatua hiyo, hata ukiwa na haraka. Hata Chandra iliporudi kutazama mwaka 2003, mpigo ule thabiti wa dakika 45 haukuwepo.

Ukiweza, tafuta shahidi wa pili. Julai 2017 XMM-Newton, darubini nyingine ya anga ya eksirei, iliitazama Mshtarii kwa saa 26 ikaona mpigo wa dakika 27, huku chombo cha Juno, kilichokuwa kikiizunguka sayari, kikipima sumaku yake ikitikisika kwa mwendo uleule. Mimi nilishawishika hapo.