Maswali Yenu: Albamu gani iko kwa spika yako siku hizi?

Toleo lililopita tuliuliza kitu kimoja tu, mwezi huu unaskiza albamu gani, na si wimbo, albamu yote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Meseji zimeingia mpaka simu ya ofisi ikajaa, Nakuru wameongoza, Kisumu wakafuata, na kuna mzee mmoja wa Ahero ametuandikia barua kwa mkono kurasa mbili. Zote haziwezi kutoshea hapa, tumechukua zile zimekuja na swali ndani yake.

*Mimi ni fundi wa nguo hapa Bondeni, Nakuru. Kuna kijana wa jirani aliniwekea En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada kwa flashi nikiwa na uniform nyingi za shule za kumaliza, sasa ni wiki ya tatu na flashi bado iko pale pale kwa spika kando ya cherehani. Shida ni Kijaluo sijui hata neno moja. Kuna wimbo ukifika mahali fulani machozi yanatoka na sijui anasema nini. Hiyo ni kawaida kweli? Nitafute maana kwanza ama niendelee tu?*

Dada, endelea, tena usiharakishe maana. Lakini juu umeuliza nitakupa kidogo. Jina la albamu ni kama kusema "ni mchanga tu". Na nina hakika karibu kabisa wimbo unaokuliza ni Kothbiro, maana yake mvua inakuja, ni mtu anaita watoto warudishe ng'ombe nyumbani kabla mvua haijashuka. Basi. Hakuna mapenzi yaliyovunjika hapo, hakuna msiba, ni mvua na ng'ombe na watoto, na bado wewe uko Bondeni na sindano mkononi unalia. Mimi nimekulia Nyakach na nakumbuka nyanya akiona wingu limetoka upande wa ziwa anasimama mlangoni anaita hivyo hivyo, sauti ndefu inayoshuka pole pole, kwa hivyo nikiskia huo wimbo mimi hurudi mpaka kwa ule mlango. Wewe hukuwa na huo mlango lakini sauti ya mtu mzima anayeita watoto warudi nyumbani giza halijaingia, nani hajawahi kuitwa hivyo? Machozi yako yameelewa vizuri kabisa.

Ogada alikuwa na African Heritage Band ya Nairobi kabla hajabeba nyatiti yake, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, akaenda Uingereza, huko akawa anapiga kwenye stesheni za treni za London watu wakipita na haraka zao, na mwisho kampuni ya muziki ya Real World wakamtolea hii albamu 1993. Wengi wa nje waliijua Kothbiro 2005 kupitia filamu ya The Constant Gardener. Alifariki Februari 2019, huku huku kwetu Kisumu.

Sasa kuna kitu nataka ufanye. Spika nyingi za flashi hupanga nyimbo kwa herufi za majina ama vile zilinakiliwa, hazijui mwenyewe alipanga aje. Hii albamu inafungua na Obiero. Kama kwako inaanza na wimbo wa 10% ama wa Chiro, ujue hizo wiki tatu umekuwa ukiskiza hadithi iliyochanganywa kurasa. Mwambie yule kijana aandike 01, 02, 03 mbele ya kila jina, ni kazi ya dakika tano. Alafu usiku mmoja zima cherehani, kaa chini, iskize yote bila kushona. Nyatiti ina nyuzi 8 na mpigaji huvaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu anagonga nayo ule mbao, yaani mtu mmoja ni mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja, na mlio wa cherehani unakunyima nusu ya hayo mambo.

*Albamu ilishakufa, bando ni ghali, mimi nachukua wimbo mmoja mzuri nasonga. Mnatuuliza mambo ya zamani. Free Area, Nakuru.*

Ghali nakubali, na sikulaumu. Lakini huo wimbo mmoja mzuri ulichaguliwa na nani? Mara nyingi si wewe, ni programu imekusukumia juu wengine wameubonyeza. Kwa albamu utakutana na ule wa saba ambao hakuna mtu alikuambia uko, na mara nyingi huo ndio unakaa na wewe miaka. Pakua mara moja ukipata waifai, baada ya hapo haikuli kitu.

*Mimi nina miaka 71. Nyinyi mnasema albamu, sisi hatukuwa na albamu, tulikuwa na upande wa kwanza na upande wa pili. Nina sahani za D.O. (Daniel Owino) Misiani na bendi yake Shirati Jazz tangu ujana wangu. Mjukuu wangu amenitafutia albamu yao Benga Blast! kwa simu, sauti ni ile ile ya Owino lakini naona kuna kitu kimetoka. Ni masikio ya uzee? Ahero.*

Mzee wangu, salamu nyingi, na asante sana kwa barua, tumeisoma ofisini kwa sauti. Masikio yako hayana shida. Zile sahani ndogo za 45 upande mmoja ulibeba dakika chache tu na benga, huo muziki wenu wa magita, haiwezi kuisha kwa dakika chache, ndio maana wimbo ulikatwa ukaitwa Part 1 na Part 2. Upande wa kwanza mtu anaeleza maneno yake, anataja watu, alafu gita likianza kupanda tu sauti inafifia, na lazima mtu ainuke ageuze sahani ndio ile mbio yenyewe ya magita ije. Pale katikati kulikuwa na kimya, watu wanangoja wamesimama tayari, na wewe ndiye ulikuwa unaamua wataruka saa ngapi. Simu haina hicho kimya, wimbo unafuata wimbo kama magari kwa foleni. Kitu kimetoka ni mkono wako, mzee.

Misiani alizaliwa Shirati upande wa Tanzania, na akafa kwa ajali ya barabarani Kisumu Mei 2006, kwa hivyo hizo sahani ulizonazo hakuna mwingine atatengeneza. Tafadhali zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na zikae mbali na ukuta unaopigwa na jua juu joto la mabati linazipinda. Na mjukuu azirekodi pande zote mbili, kimya cha katikati asikikate.

*Bado niko kwa Midnight Train ya Sauti Sol na ni ya 2020. Wenzangu hosteli wananicheka. Maseno.*

Wacha wacheke. Na kwa vile kundi limepumzika tangu zile shoo za 2023, una muda wa kutosha wa kuimaliza vizuri.

*Naendesha boda Luanda, abiria mmoja alinitumia nyimbo za kundi la Abana ba Nasery, ile mkusanyiko ya 1989, nyimbo za kwetu Bunyore kabisa na sikuwa nazijua! Kuna kitu kinalia kwaru kwaru nyuma ya magita, ni nini hiyo?*

Kaka, hiyo ni chupa ya Fanta. Shem Tube na Justo Osala kwa magita, Enos Okola kwa chupa, anaikwaruza na chuma pale kwenye mistari ya ubavuni. Uliza wazee wa hapo stage, kuna mmoja lazima atakuwa anajua kuipiga, lakini mpelekee ile ya glasi yenye mistari, ya plastiki haitoi hiyo sauti.